Syokau Aliyerudi Kuuliza

Wanawake waliochambua mananasi kiwandani Thika walikuwa na jina la kumtania Syokau. Walimwita Mama Nani Amesema. Ukimwambia posho itachelewa, atakuuliza, "Nani amesema?" Ukimwambia nyapara wa zamu ya asubuhi anahamishwa, atakuuliza, "Umesikia mwenyewe au umeambiwa?" Wenzake walicheka, naye akacheka nao, mikono yake ikiendelea kuchagua vipande vizuri na kutupa vibovu. Lakini swali lenyewe hakuliacha, na aliyemjua vizuri alijua halikuwa mzaha.

Alikuwa Mkamba wa Masii, mjane wa Muasya aliyekuwa mtengenezaji wa reli. Muasya alipokufa kwa kichomi mwaka wa arobaini na nane, Syokau hakurudi kwao. Alibaki Makongeni katika chumba kimoja pamoja na Mwongeli, binti wa marehemu mdogo wake. Yeye mwenyewe hakujaliwa mtoto. Alimlea Mwongeli tangu akiwa na miaka sita, na msichana alimwita Mama bila kuongeza kitu.

Mdogo wake huyo, Nduku, alikuwa ameolewa na mtu wa Mwala. Mtu alikuja na mbuzi wazuri na maneno mazuri, wazee wakakubali, pombe ikanywewa. Hakuna aliyefunga safari ya kwenda Mwala kuuliza. Baadaye ndipo ilipojulikana kwamba wake wawili walikwisha kumkimbia kabla ya Nduku. Nduku hakukimbia. Alikufa akiwa na mimba ya pili, na watu wa kule wakasema ni homa. Syokau ndiye aliyemwosha. Aliona mgongo wa mdogo wake, na tangu siku ile hakuna mtu aliyeweza kumwambia kwamba kuulizauliza ni tabia mbaya.

Mwezi wa tano wa mwaka wa hamsini na tano, mzee wa kanisa aitwaye Nzau alibisha hodi akiwa na kijana wa kama miaka ishirini na minane. Kijana alivaa koti lililopigwa pasi vizuri, na alikaa wima kwenye kigoda kama mtu aliyekuja kuandikwa kazi.

"Mama Syokau," akasema Nzau, "huyu ni Muthoka. Ni seremala huko Ruiru, kwenye shamba la kahawa. Amemwona Mwongeli kanisani, na Mwongeli amemwona. Nimeona nimlete mlangoni, mambo yaende kwa adabu."

Syokau alimtazama Mwongeli. Msichana aliinamia sufuria iliyokuwa haina haja ya kukorogwa.

"Karibu, baba," Syokau akamwambia kijana. "Wewe ni Muthoka wa nani?"

"Wa Wambua, Mama. Kwetu ni Kangundo. Wazazi wote wawili wameshakufa."

"Na kabla ya Ruiru ulikuwa wapi?"

"Murera, kwenye makonge. Nilikuwa fundi huko. Baba akaugua, nikarudi nyumbani kumwuguza mpaka alipofariki. Mwanzo wa mwaka jana ndio nikaandikwa Ruiru."

"Ulimwuguza muda gani?"

"Mwaka na zaidi."

"Umewahi kuoa?"

"Hapana, Mama."

Nzau alitoa barua mfukoni. Ilikuwa ya mchungaji wa Kangundo, na alimsomea Syokau, maana yeye hakujua kusoma maneno. Tarakimu alizijua, alizijifunza kwenye makasha ya kiwanda. Barua ilisema Muthoka Wambua alibatizwa hapo na ni mtu wa tabia njema.

"Barua ni nzuri," Syokau akasema. "Lakini nyumbani kila mtoto ni mwema. Nitamwulizia alikofanya kazi."

"Mchungaji ameandika kwa mkono wake," Nzau akasema, na sauti yake ilionyesha ameguswa.

"Nimesikia, mzee. Nami nitaenda kwa miguu yangu."

Muthoka hakukasirika. Alisema, "Ni haki yako, Mama," akanywa chai yake, akaaga.

Jumapili iliyofuata Syokau alipanda gari la moshi hadi Ruiru. Kituoni askari alimwuliza kabila, akasikia ni Mkamba, akamwachia. Wakikuyu waliotoka behewa lile lile walichuchumaa chini kwenye mstari wakingoja kukaguliwa pasi, mmoja baada ya mwingine. Ndivyo siku hizo za hali ya hatari zilivyokuwa. Syokau alipita kando yao bila kuwatazama usoni, akaingia njia ya mashamba.

Hakwenda moja kwa moja kwa nyapara. Alijua nyapara husema lile linalompendeza bwana shamba. Alikwenda kwenye laini za nyumba za wafanyakazi, akamkuta mke wa mpishi akichambua maharagwe mlangoni, Mkamba mwenzake aitwaye Kamene. Akakaa, akamsaidia kuchambua, wakaongea habari za mvua ya Ukambani, na maharagwe yalipokuwa karibu kwisha ndipo akataja jina la Muthoka.

"Yule fundi?" Kamene akasema. "Mtu mzuri sana. Vitanda vyote vya kuanikia kahawa unavyoviona ni kazi ya mkono wake. Mtoto wa jirani alipokufa alichonga jeneza bila kuombwa. Hanywi, hapigi kelele." Kisha akazungusha ungo, akatazama kando.

"Sema tu, dada," Syokau akasema. "Nina binti."

Kamene akateremsha sauti. "Mwezi wa kwanza alikuja mwanamke. Mkono wake wa kushoto umepinda hivi, kama tawi lililovunjika likaungana vibaya. Akasema anamtafuta mume wake, Muthoka Wambua. Tukamwonyesha pale kwenye karakana. Alipomwona akajifunika uso kwa leso, akalia. Lakini alilia! Muthoka akamwingiza kivulini, wakasema maneno ambayo sisi hatukuyasikia, akamtolea unga, mwanamke akaenda zake. Hajarudi."

"Alisema ametoka wapi?"

"Yatta. Alisema huuza vyondo soko la Matuu."

Syokau alishukuru, akaondoka. Njiani kuelekea kituoni alimwona Muthoka kwa mbali akipiga randa ubao nje ya karakana, siku ya Jumapili, shati limelowa jasho. Hakumwita.

Jumamosi ya pili yake alibadilishana zamu na mwenzake, akaenda Murera. Shamba la makonge aliloambiwa lilikuwa na ofisi ya mabati na karani Mjaluo aitwaye Opiyo, mtu safi, mwenye kalamu mbili mfukoni na haraka nyingi.

"Mama, mimi mwenyewe nimekuja hapa mwaka wa hamsini na tatu," Opiyo akasema. "Huyo mtu simjui. Kama yumo, yumo kwenye kitabu."

"Tafadhali, Bwana Karani, fungua kitabu. Ni habari ya ndoa."

Opiyo akafungua. Alishuka na kidole kurasa kadhaa, kidole kikasimama.

"Muthoka Wambua. Wilaya ya Machakos. Ameandikwa hapa mwaka wa arobaini na tisa." Akasoma zaidi, uso ukabadilika. "Mama, huyu usimpe binti yako. Amefutwa mwezi wa nane, hamsini na mbili. Alimkata mkewe mkononi kwa kisu cha kukatia makonge. Polisi walimchukua. Kuna namba ya kesi hapa."

"Mkono gani?"

"Hawakuandika."

Syokau hakuhitaji kuandikiwa. Alimwomba Opiyo amnakilie kwenye karatasi tarakimu zote zilizokuwa mbele ya jina lile, za kipande chake cha utambulisho na za kesi. Opiyo alisitasita, kisha akaandika, akafunga kitabu. Syokau alitembea mpaka barabarani. Kila kitu kilikuwa kimekaa mahali pake: jina, mkono uliopinda, mwanamke aliyelia, na ule mwaka na zaidi ambao Muthoka alisema alikuwa akimwuguza baba. Kumbe alikuwa jela.

Alipofika nyumbani alimtuma jirani kumwita mzee Nzau, akawaeleza wote wawili, yeye na Mwongeli, bila kuficha neno.

"Si yeye," Mwongeli akasema.

"Umejuaje?"

"Najua tu, Mama."

"Mama yako pia alijua tu."

Neno lile lilimwingia Mwongeli kama mwiba. Aliinuka, akaenda kusimama nje karibu na bomba la maji, akawapa mgongo. Syokau alitamani kulirudisha, lakini lilikwisha kutoka.

Nzau alijawa na aibu. "Mimi ndiye niliyemleta mlangoni kwako! Jumapili nitasimama kanisani nimtaje mbele ya watu wote, asije akaingia nyumba nyingine. Na bwana shamba wa Ruiru lazima aambiwe ana mtu wa namna gani kwenye karakana yake."

"Ni sawa," Syokau akasema. Alikuwa amechoka.

Mlangoni alikuwa amesimama Warigia, jirani wa chumba cha pili, mkono ukiwa umeshika debe tupu. Mume wa Warigia, fundi cherehani aitwaye Gachanja, alikuwa kizuizini mwaka mzima sasa. Makongeni yote iliona alivyochukuliwa. Watu walipangwa uwanjani, akaletwa mtu aliyevikwa gunia kichwani lenye matundu mawili ya macho, akapitishwa mbele yao. Alipofika kwa Gachanja gunia likatikisika juu chini. Kwa hiyo tu Gachanja akachukuliwa. Warigia aliuliza maaskari mumewe amefanya nini, na hadi leo alikuwa hajajibiwa.

"Mimi nimesikia kwa sababu mlango uko wazi," Warigia akasema kwa Kiswahili chake cha Kigikuyu, polepole. "Haiya! Na yeye mwenyewe amesema nini?"

Syokau alimtazama Nzau.

"Hajaulizwa?"

"Bado," Syokau akasema.

Warigia aliinua debe lake. Alikwenda bombani kuteka maji, na kule wakamwona amesimama kando ya Mwongeli, debe likijaa na kumwagika.

Syokau aliona aibu. Yeye, ambaye maisha yake yote aliuliza nani amesema, leo alikuwa amemhukumu mtu kwa karatasi na kwa maneno ya mke wa mpishi, na mwenyewe hajafungua kinywa. Inawezekana ni yeye. Tena inaelekea ni yeye. Lakini kama ni yeye, basi ajulikane ni yeye kwa kweli yote, si kwa nusu yake.

"Mzee Nzau," akasema, "Jumapili usitaje jina la mtu. Na Ruiru usiende. Nipe wiki tatu."

"Wiki tatu za nini? Kitabu kimesema."

"Kitabu kimesema lake. Kuna wengine hawajasema."

Keshokutwa yake alimwomba nyapara ruhusa ya nusu siku, akafika Ruiru saa ya chakula cha mchana. Muthoka alikuwa peke yake kwenye karakana, amekaa juu ya gogo na kikombe cha uji. Alipomwona Syokau alisimama, akavua kofia.

"Keti, baba. Leo sikuja kwa heri, na sikuja kwa shari. Nina maneno mawili. Mwanamke mwenye mkono uliopinda ni nani?"

Muthoka aliweka kikombe chini. "Simjui, Mama."

"Alikuja hapa akiuliza mume wake kwa jina lako. Akakuona, akalia. Ukampa unga. Humjui?"

"Simjui. Alikuwa akitafuta mtu mwingine. Nilimwambia pumzika, nikampa unga kwa sababu alikuwa na safari ndefu."

"Kwa nini hukuniambia siku ile nyumbani?"

"Ningeanzaje? Ningekuambia kuna mwanamke alikuja kulia mlangoni kwangu kwa jina langu na jina la baba yangu, lakini simjui. Ungeniamini?"

Syokau alimtazama machoni. "Hapana."

"Sasa unaona, Mama."

"Naona. Na bado sijakuamini. Nipe kipande chako."

Hapo ndipo Muthoka alipokasirika. Mishipa ya shingo ilimsimama, na kwa muda Syokau alifikiri atamfukuza. Kila siku ya wiki askari na manyapara walikuwa wakimwambia nipe kipande, na sasa huyu, mama wa msichana anayempenda. Lakini aliingiza mkono ndani ya shati, akakitoa, akampa.

Syokau alitandaza karatasi ya Opiyo juu ya meza ya randa, akaweka kipande kando yake, akafuata tarakimu moja moja kwa kidole. Ya kwanza ilifanana. Ya pili ilifanana. Ya tatu haikufanana, wala ya nne, wala zilizobaki. Akarudia toka mwanzo. Akarudia tena.

"Murera kulikuwa na Muthoka Wambua mwingine?" akauliza.

"Sijui. Kule kwenye makonge kulikuwa na watu mia nne. Mimi nilikuwa upande wa mashine. Watu wa mashine tulikuwa na kitabu chetu na mzungu wetu. Na wakataji hatukukaa laini moja."

"Kitabu chenu?" Syokau akaikunja karatasi. "Asante. Nitarudi."

Syokau aliposimulia haya, Nzau alitikisa kichwa. Alisema siku hizi kipande kinaweza kubadilishwa, watu wanatembea na karatasi za maiti, na mtu aliyetoka jela ndiye hasa atakayetafuta kipande kipya. Syokau hakubishana naye. Aliona neno lake lina uzito, na kwamba jibu lake lilikuwa Murera.

Opiyo alipomwona tena mlangoni alipiga ulimi. "Mama, si tulimaliza?"

"Tulimaliza kitabu kimoja, Bwana Karani. Niambie, watu wa mashine wameandikwa humo?"

Opiyo alifungua kinywa, akakifunga. Alitazama rafu nyuma yake. Akavuta kiti, akapanda, akateremsha kitabu kirefu chenye vumbi na alama za mafuta ya mashine, akaanza kukipekua bila kuketi. Ilichukua muda mrefu. Syokau alisimama vile vile, mikono imefumbatwa, hakukohoa wala kuharakisha.

"Huyu hapa," Opiyo akasema, na sauti yake ilikuwa imeshuka. "Muthoka Wambua, seremala. Machakos. Ameandikwa hamsini, ameondoka kwa hiari mwezi wa tisa wa hamsini na mbili. Sababu, baba mgonjwa. Mwezi mmoja baada ya yule mwingine kushikwa." Akasoma tarakimu za kipande kwa sauti. Syokau alikuwa amezikariri njia nzima. Zilikuwa zile zile alizoziona Ruiru.

"Siku ile nilifunga kitabu mapema, Mama," Opiyo akasema. "Nisamehe."

"Hata mimi nilifunga," Syokau akajibu.

Wengi wangekomea hapo wakaanza kupika chakula cha arusi. Mwongeli mwenyewe alimkumbatia, akasema, "Sasa imetosha, Mama." Lakini Syokau alisema bado kuna mtu mmoja aliyeziona nyuso zote mbili, na macho yake yanazidi vitabu viwili.

Siku ya soko alipanda lori la magunia lililoelekea barabara ya Garissa, akateremka Matuu akiwa mweupe kwa vumbi kichwa hadi miguu. Hakuchukua muda. Alimwona chini ya kibanda cha nyasi, mwanamke mwembamba wa miaka thelathini hivi, vyondo, vikapu vya kusuka, vimepangwa mbele yake. Alikuwa akisuka kwa mkono wa kulia na meno, mkono wa kushoto ukishikilia tu. Jina lake lilikuwa Syombua. Syokau alipotaja jina la Muthoka, kiondo kilimponyoka.

"Ametoka?" Syombua akauliza. "Yuko wapi? Amekuja na wewe?"

"Niko peke yangu. Tulia, mwanangu. Yule wa Ruiru, seremala, uliyekwenda kumwona mwezi wa kwanza. Ni mume wako?"

"Yule?" Alitikisa kichwa kwa nguvu. "Hapana. Yule hata simjui. Yule ni mtu wa watu."

"Basi mbona ulilia?"

Syombua aliokota kiondo, akakipangusa vumbi. Alipoanza kusema, maneno yalikuja mfululizo kama mtu aliyekuwa akingoja kuulizwa. Hakumtafuta mumewe kwa kumtaka. Baada ya kukatwa alilazwa miezi miwili, na alipotoka kesi ilikuwa imekwisha, hakuna aliyemwambia mtu yule alifungwa muda gani wala wapi. Mumewe alikuwa ameapa kwamba akitoka atamaliza kazi. Kwa hiyo Syombua aliishi akihama. Kwa kaka yake miezi mitatu, kwa shangazi, kwa rafiki, kisha tena kwa kaka. Hakulima shamba kwa sababu hakujua kama atavuna. Mwezi wa kwanza mtu alimwambia Muthoka Wambua yuko huru, anafanya kazi Ruiru. Akaenda mwenyewe kuhakikisha.

"Nilikwenda na woga wangu wote, Mama. Nikajiambia bora nimwone mimi kabla hajaniona yeye. Nikafika, nikaonyeshwa, kumbe si yeye. Nikalia kwa sababu nilishukuru, halafu nikalia kwa sababu bado sijui yuko wapi. Yule fundi akaniuliza, dada, nani amekufanya hivi mkono? Akanipa unga."

Syokau alisimama, akajipangusa vumbi. Alikuwa amepata alichokuja kukitafuta. Angeweza kupanda lori la kurudi na moyo mweupe. Lakini karatasi ya Opiyo ilikuwa bado kwenye fundo la leso yake, na namba ya pili kwenye karatasi ile haikuwa ya kipande.

"Nipe mpaka soko la mwezi ujao," akamwambia. "Nitakuja kukuambia yuko wapi."

Thika alikwenda mahakamani mara nne, kila siku ambayo zamu yake ilikuwa ya mchana. Mara ya kwanza aliambiwa karani hayupo. Mara ya pili aliambiwa akae kwenye benchi, akakaa, ofisi ikafungwa. Mara ya tatu karani alimwuliza yeye ni nani kwa mfungwa huyo.

"Mimi si mtu wake," Syokau akasema. "Ni mtu wa yule aliyekatwa."

"Hiyo si sababu."

"Kwake ni sababu. Hajui kama alime au akimbie. Namba ni hii. Nitakuja kesho."

Alikuja kesho. Karani, labda kwa huruma, labda kwa kuchoka kumwona kwenye benchi lile, alikwenda chumba cha ndani akarudi na faili. Muthoka Wambua, mkataji makonge, wa Yatta. Miaka saba tangu mwezi wa kumi wa hamsini na mbili. Hata akipunguziwa kwa tabia njema, hangetoka kabla ya mwaka wa hamsini na saba. Syokau alimwomba alisome mara mbili, akaondoka akirudia tarakimu mdomoni.

Syombua aliposikia habari ile, hakulia. Alihesabu kwa vidole vya mkono wa kulia.

"Miaka miwili," akasema. "Basi nina muda."

Alikuwa na muda wa kufanya lile alilokuwa akiliogopa. Alifungua shauri kwenye baraza la wazee la kwao, ndoa ivunjwe, ajulikane yuko mikononi mwa kaka zake wala si mke wa mtu. Syokau alikwenda pamoja naye, akasimama mbele ya wazee, akawataja karani na kitabu, mahakama na namba, mwezi na mwaka, mpaka mzee mmoja akamwuliza kama yeye ni askari. Ndoa ilivunjwa. Mvua ya mwezi wa kumi na moja ilipoanguka, Syombua alipanda mbaazi na mahindi kwenye kipande cha shamba alichopewa na kaka yake.

Ilibaki Muthoka wa Ruiru. Syokau alikwenda kwake mwenyewe, hakumtuma mtu. Safari hii alimkuta akipigilia misumari, na hakuacha kupigilia alipomwona.

"Nimekuja kukuambia karibu nyumbani," Syokau akasema. "Na kukuambia kwamba kwa siku tatu nilikuhesabu mkata watu."

Nyundo ikasimama. "Siku tatu tu?"

"Baadaye nikakuhesabu mtu nisiyemjua. Leo nakujua. Mzee Nzau amekwenda mpaka Kangundo kwa hiari yake, ameoneshwa kaburi la baba yako na majirani waliokuona ukimbeba mgongoni kumpeleka juani."

Muthoka alitazama chini. "Ulinichunguza kama mwizi, Mama."

"Ndiyo. Mdogo wangu hakuchunguziwa mtu, nikamzika. Sitakuomba radhi kwa kuuliza. Nakuomba radhi kwa zile siku tatu, nilipoacha kuuliza."

Seremala aliweka nyundo chini. Upepo ulipita ukapeperusha maranda ya mbao mpaka miguuni mwao. Kisha akasogeza gogo, akalipangusa kwa kiganja, akamwashiria aketi.

"Na yule mama wa Yatta," akauliza, "alipata kujua mtu wake yuko wapi?"

Syokau akaketi, akamweleza yote tangu mwanzo. Muthoka alisikiliza hadi mwisho, kazi yake ikingoja.

Walifunga ndoa mwezi wa kumi na mbili. Mzee Nzau alisimamia, na Warigia, ambaye hakuruhusiwa kutoka Makongeni bila pasi, alingoja pasi hiyo siku mbili ofisini ili afike kanisani, akaipata. Siku ya tatu baada ya arusi Syokau alirudi kiwandani. Mwenzake mmoja wa meza ya kuchambulia, aliyekuwa na mwana wa kiume aliyetaka kuoa msichana wa Ruiru, alimsogelea na kumnong'oneza kama angeweza kumwulizia watu wa msichana yule. Syokau alitupa kipande kibovu, akapangusa mikono.

"Nitakwenda Jumapili," akasema. "Lakini mwanao naye nitamwulizia."